Mtoto Alilala Wapi? Talaka, Kodi ya Marekani na Fomu Tunayoiogopa

Msimu wa kufaili ritani, yaani fomu ya kodi ya kila mwaka, unapoanza Marekani, kuanzia mwisho wa Januari hadi Aprili 15, makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi huku hujaa ushauri wa kila aina. Siku hizi habari inayonisumbua kuliko nyingine ni ile inayowahusu wazazi walioachana: kwamba IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, sasa inaruhusu baba na mama wote wawili kumdai mtoto yuleyule, yaani kila mmoja kumwandika kwenye ritani yake ili apate nafuu ya kodi. Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Tangu msimu wa 2025, ritani inayotumwa kwa mtandao haikataliwi tena papo hapo kwa sababu tu namba ya utambulisho ya mtoto imeshatumika kwenye ritani ya mtu mwingine, mradi mtumaji aweke PIN yake ya kulinda utambulisho, ile ya tarakimu sita inayotolewa na IRS yenyewe. Zamani aliyechelewa alilazimika kuchapisha karatasi, kuzitia kwenye bahasha na kusubiri. Sasa ritani yake inapokelewa. Lakini kupokelewa si kukubaliwa. Namba moja ya mtoto ikionekana kwenye ritani mbili, IRS huwaandikia wote wawili barua iitwayo CP87A, ikiwataka waangalie upya masharti na asiyestahili arekebishe ritani yake. Wote wakikaa kimya, ukaguzi unaweza kufuata, na atakayeshindwa atarudisha fedha pamoja na riba, mara nyingine na faini juu yake.

Naona tumekosea kuelewa zaidi ya badiliko hili moja. Swali lenyewe tumelielewa vibaya. Tunagombania "nani amdai mtoto" kana kwamba dai la mtoto ni kitu kimoja kisichogawanyika, na kana kwamba sheria inauliza nani ni mzazi, au nani anatoa fedha. Sheria ya Marekani inauliza mtoto alilala wapi. Ikishapata jibu, inamruhusu mzazi aliyekaa na mtoto kuiachia sehemu moja ya manufaa kwa sahihi yake kwenye Fomu 8332, na sehemu nyingine inakataa kabisa zihame. Kanuni hiyo inaumiza watu, tena watu wema. Bado naamini ni bora kuliko ile iliyoitangulia, na kwamba hasara kubwa tunayoipata inatokana na kutoijua.

Kutoijua huko kuna sababu. Tulikotoka, mtoto haonekani kwenye kodi ya mshahara. Mfanyakazi wa Kenya anapata nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi awe na watoto sita au asiwe na hata mmoja. Tanzania, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi, na hakuna anayekuuliza una wangapi nyumbani. Mtu aliyezoea hivyo anafika Minnesota au Texas, anaona kwenye ritani nafasi ya kuandika jina la mwanawe, na pembeni yake kuna krediti, yaani punguzo la kodi, ya dola 2,200. Anachosikia hapo ni swali la nasaba: mtoto ni wa nani? Kwetu swali hilo lina uzito wa ukoo mzima. Baba anayeambiwa hawezi kumwandika mwanawe anahisi amefutwa kwenye ubaba wake mbele ya serikali, na mama anayeambiwa atie sahihi kuachia krediti anahisi anaambiwa amtoe mtoto. Nimewaona watu wakilia juu ya karatasi hii, nami siwalaumu. Wanalilia jambo ambalo karatasi haikulisema.

Kulikuwa na wakati ambapo sheria ya Marekani ilifuata hoja tunayoipenda, ile ya fedha. Kwa kanuni za mwaka 1967, mzazi asiyekaa na mtoto aliyetoa dola 1,200 au zaidi kwa mwaka aliweza kumpata mtoto kwenye ritani yake, isipokuwa mwenzake athibitishe kwamba yeye ndiye aliyetumia zaidi. Fikiria ushahidi uliohitajika: risiti za viatu, mgawanyo wa kodi ya nyumba kwa vichwa, maziwa, nauli, daktari wa meno. Kila mmoja alifika na bahasha yake, na IRS ikajikuta imekaa katikati ya watu wawili wasiosemezana, ikiamua ugomvi wa ndoa iliyokufa. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliamua kujitoa humo. Likaweka kwamba mzazi anayekaa na mtoto ndiye mwenye haki ya kwanza, na asipoiachia kwa maandishi, shauri limekwisha. Kwa lugha ya leo, mzazi huyo ni yule ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka. Kanuni hii haiwahusu waliopewa talaka mahakamani peke yao. Inawagusa pia waliotengana, na hata ambao hawakuwahi kuoana, mradi wameishi mbalimbali katika miezi sita yote ya mwisho wa mwaka.

Kuhesabu usiku kunaonekana kitu cha kitoto mpaka uanze kuhesabu. Mwaka wa kawaida una usiku 365, namba witiri, kwa hiyo wazazi waliogawana mtoto nusu kwa nusu hawawezi kulingana kabisa isipokuwa mtoto amelala kwingineko ambako hakuhesabiki kwa yeyote kati yao. Wakilingana, mwenye kipato kikubwa ndiye anayehesabiwa kuwa anakaa na mtoto. Usiku ambao mtoto alilala kambini au kwa rafiki unahesabiwa kwa mzazi ambaye angelala kwake siku hiyo. Kuna kanuni nyingine ambayo ningependa ibandikwe mlangoni kwa kila mfanyakazi wa zamu za usiku, kwa sababu watu wetu wengi wanaishi kwa zamu hizo, katika nyumba za kulelea wazee, hospitalini na kwenye maghala. Mzazi ambaye kwa ajili ya kazi ya usiku mtoto anakuwa kwake mchana mwingi zaidi, lakini analala kwa mwenzake, huhesabiwa kuwa yeye ndiye anayekaa na mtoto. Kwa siku za shule, inatazamwa anwani aliyoandikishwa mtoto shuleni kama makazi yake makuu. Mama anayebadilisha nepi za wazee wa watu usiku kucha, kisha anarudi alfajiri kumpeleka mwanawe shule na kumpikia jioni kabla ya kuondoka tena, hajapoteza mtoto kwenye kodi kwa sababu usiku alikuwa kazini. Wangapi wameambiwa hivyo na kukata tamaa bila kuuliza?

Sasa tufungue lile fungu lenyewe, maana hapa ndipo ugomvi mwingi ungeweza kuisha. "Kumdai mtoto" ni mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kuna krediti ya mtoto wa chini ya miaka 17, ambayo sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliipandisha kutoka dola 2,000 hadi 2,200 kwa mwaka wa kodi 2025. Kuna krediti ya dola 500 kwa tegemezi aliyevuka umri huo. Kuna hadhi ya mkuu wa kaya, inayompa mzazi kiasi kikubwa zaidi cha kipato kisichotozwa kodi na viwango vyepesi. Kuna krediti ya kipato cha kazi kwa wenye mapato ya chini na ya kati. Na kuna krediti ya gharama za kumlipa mlezi wa mtoto wakati mzazi yuko kazini. Fomu 8332, ile tunayoiogopa, inahamisha mbili za kwanza tu. Tatu zilizobaki hazihamishiki kwa fomu, kwa makubaliano wala kwa amri ya hakimu. Zinabaki kwa mzazi anayekaa na mtoto, kama ametimiza masharti yake.

Chukua mama mwenye mtoto mmoja wa miaka minane na mshahara wa dola 30,000 kwa mwaka 2025. Krediti ya kipato cha kazi inampa takriban dola 3,265. Hadhi ya mkuu wa kaya, kwa kulinganisha na kufaili kama mtu asiye na ndoa wala mtoto, inampunguzia kodi kama dola 834. Krediti ya mtoto ni dola 2,200. Jumla ni karibu dola 6,300, na akitia sahihi Fomu 8332 anaachia 2,200 tu. Zaidi ya 4,000 zinabaki kwake. Baba anayedhani fomu hiyo itamletea fungu lote anajidanganya, na akijaribu kudai yale mengine bila kukaa na mtoto, anajiweka pabaya: IRS ikiona alizipuuza kanuni kwa uzembe mkubwa inaweza kumfungia krediti ya kipato cha kazi kwa miaka 2, na ikithibitisha udanganyifu, miaka 10. Mama naye anayekataa hata kuigusa fomu kwa kuamini kwamba atabaki mikono mitupu anakataa kwa hofu ya jambo lisilokuwepo.

Hoja ninayoisikia zaidi, na ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ni hii: mimi ndiye ninayelipa, kwa hiyo mtoto ni wangu kwenye kodi. Miaka michache iliyopita ndugu mmoja alikuja nyumbani na bahasha nene ya stakabadhi za matunzo aliyokuwa akikatwa kila mwezi kwenye mshahara. Aliziweka mezani akasema, "Dada, hesabu mwenyewe. Nani anamlisha huyu mtoto?" Hakuwa mwongo; alilipa kila senti. Lakini matunzo yanayolipwa kwa mtoto hayapunguzi kodi ya anayelipa, wala si kipato cha kutozwa kodi kwa anayepokea. Sheria inayatazama kama fedha ambayo mzazi angemtumia mwanawe hata kama wangeishi nyumba moja. Na tusijifanye wageni wa wazo hili. Wenzetu Waislamu wa pwani wana maneno mawili tofauti kwa sababu ni mambo mawili tofauti: nafaka, yaani fedha za matunzo, na hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea. Baba analipa nafaka hali mtoto yuko katika hadhana ya mama, na hakuna kadhi atakayemwambia kwamba kwa kutoa nafaka amenunua hadhana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inaweka wajibu wa kumtunza mtoto mahali pake na suala la nani akae naye mahali pake. Anayelipa anatimiza wajibu mkubwa. Aliyeamka saa nane usiku mtoto alipotapika ametimiza mwingine, na huo wa pili hauna stakabadhi. Mwaka 1984 sheria iliacha kuwapendelea wenye stakabadhi, na katika hilo nasimama nayo.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: hakimu ameshaandika kwenye hukumu ya talaka kwamba baba atamdai mtoto. Hapa watu wanaumia kweli, kwa sababu wamelipa mawakili, wamepata karatasi yenye muhuri, na wameamini. Lakini hakimu wa jimbo hagawi kodi ya serikali kuu. Kwa hukumu zilizotolewa baada ya 2008, kurasa za hukumu haziwezi kuambatishwa badala ya fomu. Inatakiwa Fomu 8332 yenyewe, au tamko la namna yake lililoandikwa kwa kusudi hilo peke yake na lisilofungwa na sharti lolote. Hukumu inayosema "baba atamdai mtoto endapo hadaiwi matunzo" ina sharti ndani yake, na haifai. Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi ya Marekani ilimkatalia baba ambaye hukumu ya talaka ilikuwa upande wake, kwa sababu mama hakuwa ametia sahihi. Haki yake aliambiwa akaitafute kwenye mahakama ya jimbo, ambayo inaweza kumbana mzazi anayekaidi amri. Je, ni sawa kumtaka mtu arudi mahakamani kila mwaka kupata alichokwishapewa? Si sawa. Lakini dawa yake iko mwanzoni. Wakili anayeandika mkataba wa talaka bila kudai fomu isainiwe, na bila kuweka tarehe ya kuikabidhi kila mwaka, amemwachia mteja wake kazi nusu. Mteja anayesoma makala hii kabla ya talaka kukamilika bado ana nafasi ya kulisema hilo.

Hoja ninayokiri sina jibu zuri kwake ni ya baba mwenye usiku 182. Ana chumba cha mtoto, kitanda, nguo, chakula, na usiku mmoja tu unamtenga na mama. Kwa usiku huo mmoja fungu zima linaangukia upande mmoja. Sheria ingeweza kugawa krediti kwa uwiano wa usiku, ikachagua kutogawa kwa sababu ugawaji ungerudisha ugomvi wa kuhesabu uliowashinda kabla ya 1984. Naelewa sababu hiyo, na bado naona inamwonea. Wazazi wa namna hii ndio wanaohitaji kukaa chini wakakubaliana kupokezana, mwaka huu wewe, mwaka ujao mimi. Na wenye watoto wawili wanaweza kuachiana mmoja mmoja, kwa kuwa kila mtoto ana fomu yake.

Makubaliano hayo hayahitaji mapenzi, yanahitaji hesabu. Rudi kwa yule mama, lakini sasa mpe mshahara wa dola 10,000 kwa sababu mtoto ni mdogo naye anafanya kazi saa chache. Kodi yake ni sifuri, na sehemu ya krediti ya mtoto inayoweza kurudishwa taslimu kwa asiyedaiwa kodi inapimwa kwa asilimia 15 ya kipato kinachozidi dola 2,500. Kwake ni dola 1,125. Baba anayepata 60,000 angeipata yote 2,200. Mama akibaki nayo, dola 1,075 hazimfikii yeyote. Akitia sahihi na baba akamrudishia 1,500, mama amepata zaidi ya ambayo angepata mwenyewe, baba amebaki na 700, na krediti ya mama ya kipato cha kazi, dola 3,400, haijaguswa. Kuna hali nyingine iliyoletwa na sheria ya 2025: krediti ya mtoto sasa inamtaka hata mzazi awe na namba ya Social Security. Mama asiye na namba hiyo, anayefaili kwa namba ya mlipakodi tu, hawezi kupata dola 2,200 hata mtoto akilala kwake usiku wote 365. Baba mwenye namba anaweza, kwa fomu hiyohiyo. Katika nyumba kama hizo, kukataa kusaini kwa hasira ni kumnyima mtoto, kwa sababu fedha hiyo ingefika kwake kwa njia moja au nyingine.

Sisemi mama atie sahihi tu. Woga wa akina mama una msingi. Fomu ina sehemu ya kwanza inayoachia mwaka mmoja, na sehemu ya pili inayoachia miaka ijayo, na mtu akiandika hapo "miaka yote ijayo" amejifunga kwa muda mrefu kwa mtu ambaye huenda kesho akaacha kulipa matunzo. Ushauri wangu, kwa yeyote asiye na amri ya mahakama inayomtaka vinginevyo, ni kusaini mwaka mmoja mmoja, baada ya kuona kwamba mwaka uliopita ahadi zilitimizwa. Baba anayelipa vizuri hana sababu ya kuogopa kuomba upya.

Yapo mambo yanayotuhusu sisi zaidi ya wengine. Wapo walioachana msikitini au mbele ya wazee na hawajaenda mahakamani. Kwa IRS bado wana ndoa kama ndoa yao ilitambuliwa kisheria, kwa hiyo hawawezi kujiandika kuwa hawana ndoa, ingawa anayekaa na mtoto anaweza kufuzu kuwa mkuu wa kaya kama wameishi mbalimbali miezi sita ya mwisho na yeye ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Kanuni ya mtoto na Fomu 8332 inawahusu vilevile. Wapo pia wanaompeleka mtoto Mombasa au Bukoba kwa bibi baada ya kuachana, ili watu wazima wapumue kidogo. Ni uamuzi wa upendo mara nyingi, lakini mtoto akikaa huko sehemu kubwa ya mwaka, wazazi wote wawili wanaweza kukosa sharti la kuishi na mtoto, na hakuna fomu ya kuhamisha haki ambayo hakuna aliye nayo. Na mtoto asiye raia wala mkazi wa Marekani, aliyebaki nyumbani tangu mwanzo, hawezi kuandikwa kuwa tegemezi, hata kama karo yote inatoka hapa.

Aliyekwisha kusaini miaka yote ijayo naye hajafungiwa milele. Sehemu ya tatu ya fomu ni ya kubatilisha, na anachotakiwa ni kuijaza, kumfikishia mwenzake nakala au kuonyesha kwamba alijitahidi kumfikishia, na kutunza uthibitisho. Ubatilisho unaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule ambao taarifa ilitolewa. Aliyeitoa Desemba 30 atamdai mtoto kwa mwaka unaoanza siku mbili baadaye. Aliyeitoa Januari 2 amejiongezea mwaka mzima wa kusubiri.